Blenda ya Kuchaji, Nyumba ya Watu Tisa na Meno ya Bibi

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, wenye kiu mtanisamehe. Leo tuongelee kile kiblenda cha kuchaji, kile chenye umbo la chupa ya maji, ambacho siku hizi kila ukifungua simu unakutana nacho kabla hata hujaona watu wako wamesema nini.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni. Siyo staa mkubwa kihivyo, ila akiposti kitu leo, kesho Kariakoo kimepanda bei. Alijirekodi yuko ndani ya gari, kavaa nguo za mazoezi, kaweka stroberi, ndizi na maziwa ndani ya kiblenda, kabonyeza mara mbili, vuuu, akanywa hapohapo akafunga na macho. Sekunde kumi na tano tu. Mimi nilikuwa Msimbati, nimekaa mkekani nachambua dagaa, nikasema huyu stroberi kazitoa wapi na mimi nitazitoa wapi? Huku kwetu ukiagiza stroberi watu watadhani ni jina la mtu.

Halafu msidhani mastaa kuuza blenda ni mambo ya leo. Mashine yenyewe ni ya zamani, 1922 kuna bwana anaitwa Stephen Poplawski kule Marekani aliweka visu vinavyozunguka chini ya chombo ili achanganye vinywaji vya maziwa. Ila aliyeifanya ijulikane ni mwanamuziki. Fred Waring, kiongozi wa bendi, alifuatwa na fundi mmoja, Fred Osius, mwenye mashine ambayo bado ilikuwa inasumbua. Waring akatoa hela irekebishwe, 1937 ikaonyeshwa Chicago, na baadaye akawa anatembea nayo kwenye ziara za bendi yake, akiwaonyesha wenye baa na hoteli. Kwa hiyo huyu dada wa stroberi ana babu yake kwenye kazi hii.

Sasa tuje kwetu.

Hicho kiblenda ninacho. Kaka yangu alikinunua Dar nikamtumia hela, kikaja na basi mpaka Mtwara mjini, toka mjini kikaletwa na gari za huku kwenye mfuko wa vitunguu. Elfu thelathini na tano. Kikombe chake kinaingia mililita 380, nimepima kwa chupa ya maji. Sikukinunua kwa ajili ya mazoezi wala ngozi kung'aa. Nilikinunua kwa ajili ya bibi.

Bibi yetu aling'olewa meno matano ya chini ndani ya miezi miwili. Ya juu yalishaondoka zamani. Daktari alisema fizi zipone kwanza ndiyo tuongee habari za meno ya bandia, na meno ya bandia nayo yana bei yake, tukaanza kuchanga. Katikati hapo bibi akawa anaishi kwa uji. Uji asubuhi, uji mchana, chai jioni. Nyumbani tuko watu tisa, tunakula kwenye sinia mbili, watoto yao na wakubwa yao. Bibi alikuwa anakuja anakaa vilevile mahali pake, ananawa mkono, anamega tonge moja dogo, analizungushazungusha, halafu anasema "nimeshiba, wanangu." Nani asiyejua kwamba hajashiba? Khanga yake ilifika mahali anaizungusha kiunoni karibu mara mbili. Mama alikuwa haongei lakini alikuwa anaangalia ile khanga.

Ndiyo maana nikasema ngoja.

Nianze na kinachowezekana, maana watu wa huku wana tabia ya kucheka kitu kabla hakijawashwa. Kwanza kabisa, korosho. Sisi ni watu wa korosho, haiwezekani mtu wa Mtwara apungue mwili na korosho zipo ndani. Ila korosho kavu kwenye hiki kiblenda usijaribu, zinazunguka kama kokoto na kisu kinakwama. Unaziloweka usiku kucha kwenye maji, asubuhi zimevimba na kulainika. Unatangulia maji au maziwa, ndiyo unaweka embe au papai, korosho za mwisho. Mpangilio huo una maana: kisu kiko chini, kikikutana na kitu cha maji kinapata nguvu ya kuvuta vya juu, kikikutana na kitu kigumu kwanza kinagoma na kitaa chekundu kinawaka. Unabonyeza, unakigeuza kichwa chini miguu juu, unatikisa, unakirudisha. Raundi moja ni kama sekunde arobaini, unakiacha kipumue, raundi ya pili. Kinatoka kitu kizito, cheupe, kitamu, kina mafuta ya korosho na utamu wa embe. Mjini wanaita smuthi. Bibi alionja, akaniangalia, akamaliza kikombe kizima.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Pili ni umeme. Hapa nitawapa hesabu kidogo, vumilieni. Betri ya kiblenda changu imeandikwa mAh 2000. Betri za aina hii ni volti 3.7, ukizidisha unapata kama wati-saa 7.4. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Maana yake uniti moja inakichaji kama mara mia hivi, ukihesabu na kinachopotea njiani. Blenda kubwa ya mezani inakula wati 300, 400, nyingine mpaka 600, na haiwaki kabisa bila umeme wa ukutani. Hiki unakichaji kwa waya wa simu. Sola ndogo ya kuchajia simu inakitosha, pawa benki inakitosha. Msimbati ndiyo nyumbani kwa gesi ya Mnazi Bay, iligunduliwa 1982, inakwenda kusafishwa hapo Madimba na bomba linaipeleka mpaka Dar. Lakini kuna usiku tunakula kwa tochi ya simu kama watu wengine wote. Umeme ukikatika asubuhi, bibi anapata kikombe chake vilevile. Kwa hilo nakipa maua yake.

Haya, sasa tuongee ukweli ambao yule dada hawezi kuwaambia kwa sekunde kumi na tano.

Nazi. Mtu wa Pwani akinunua blenda, swali la kwanza ni hilo, inasaga nazi? Nilikijaribu makusudi mbele ya mama na shangazi ili kesi iishe. Nazi moja, nimeikatakata vipande vidogo kama kucha, maji ya vuguvugu. Mara ya kwanza kisu kikakwama. Nikapunguza nusu. Kikazunguka, kikatoa chengachenga, ukikamua unapata tui jepesi la kuoshea chungu. Kwa nazi moja ilibidi nijaze kikombe mara tano. Shangazi alikuwa ameshakaa juu ya mbuzi, akakuna ya kwake, akakamua, akaweka jikoni, mimi bado natikisa. Hakusema kitu, alicheka tu puani. Blenda kubwa za mezani zinasaga nazi vizuri, nimeona kwa watu. Hiki kidogo, hapana.

Kisamvu ndiyo kabisa. Kisamvu kinataka kinu na mchi. Kile kiblenda kinakata majani vipande virefu vinajizungusha kwenye kisu kama nywele kwenye kitana. Na kisamvu siyo cha kuharakisha, kinatakiwa kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu, ile sumu ya muhogo itoke. Kwa hiyo msidanganyike na picha za majani mabichi ya kunywa, siyo kila jani ni la kunywa bichi.

Mabibo nilijaribu pia, msimu wake ulikuwa umefika na yanaoza chini bure kila mwaka. Yanasagika, lakini nyuzi zake zinabaki lazima uchuje, na ule ukakasi hautoki kwa kusagwa, unakunywa ulimi unakuwa kama umelamba kitambaa. Wazee wanasema mabibo yaliumbwa kwa ajili ya uraka. Mimi sipo kwenye hiyo kesi.

Halafu kuna suala la idadi, na hili ndilo lililonifikirisha kuliko yote. Jumapili moja watoto wakataka juisi ya embe wote. Watu tisa. Kikombe ni cha mtu mmoja. Unasaga, unamimina, unakiacha kipoe, unasaga, unamimina. Wa kwanza ameshamaliza anaomba tena, wa tano analia. Kikombe cha sita chaji ikaisha. Mdogo wangu wa mwisho akalala na hasira. Mama akachukua sufuria, akaminya maembe kwa mkono, akaongeza maji na sukari, akachuja kwa chujio la chai, dakika kumi watu wote wamekunywa na nyingine imebaki.

Hapo ndipo nikaelewa hiki kitu kilitengenezwa wapi. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeamka peke yake, anakula peke yake, anaosha kikombe chake anaondoka. Siwasemi vibaya, kuna watu wanaishi hivyo na ni maisha yao. Kuna mwenzangu niliyesoma naye sekondari yuko Dar kapanga chumba kimoja, kwake hicho kiblenda ni jiko zima. Ila nyumba zetu huku hazijapimwa kwa mililita 380. Nyumbani kwetu mtu wa pekee anayekula peke yake ni mgonjwa.

Na mgonjwa mwenyewe hataki kula peke yake. Hili sikulisoma popote, nilifundishwa na bibi.

Ilikuwa hivi. Embe na korosho vilikwenda vizuri wiki nzima, nikapata kiburi, nikasema sasa tuingie kwenye chakula cha ukweli. Mtu hawezi kuishi na vitamu tu, anahitaji samaki. Nikachukua changu wa kuchemsha, nikamtoa miiba yote kwa vidole, na hapa naomba mnisikilize: visu havitoi mwiba, vinaukata vipandevipande unakuwa huuoni, na mtu mzima asiye na meno hawezi kuutambua mdomoni. Kwa hiyo mkono kwanza, mashine baadaye. Nikaacha mchuzi wa nazi upoe kabisa. Hili nalo siyo la kupuuza, kile kikombe kimefungwa, ukitia kitu cha moto mvuke unajaa ndani na ukifungua kinakurukia usoni. Jirani yetu mmoja alipata lengelenge la shingo kwa supu, na ile ilikuwa blenda kubwa. Nikaweka muhogo wa kuchemsha vipande viwili, mchuzi, samaki. Nikasaga. Kikatoka kitu laini kabisa, hakina chenga hata moja, rangi yake kama saruji iliyokorogwa.

Nikampelekea bibi na kijiko. Akaangalia ndani ya kikombe muda mrefu. Akaniuliza kwa upole tu:

"Mjukuu wangu, hiki nani ameshakitafuna?"

Nyumba nzima ilicheka, na mimi nilicheka, lakini bibi hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Akasukuma kikombe pembeni akasema apewe chai.

Usiku tuliongea na mama. Mimi nilikuwa na hoja zangu, samaki ni protini, muhogo ni nguvu, mtu anapungua, mambo ya sura ya chakula tutaongea akipona. Mama akasema, "Mama yangu amelea watoto saba. Ametutafunia sisi wote. Leo umpe yeye kilichotafunwa, kwenye kikombe, kwa kijiko, wengine tumekaa kwenye sinia tunamwangalia. Unadhani atakula?" Sikuwa na jibu la hapo kwa hapo. Nilitaka kusema kwamba heshima haijazi tumbo. Ila na tumbo lenyewe lilikuwa limekataa.

Kesho yake mama akatoa kinu. Muhogo uliochemka ukaiva sana, akautwanga taratibu na tui zito mpaka ukashikana kama ugali laini. Samaki akamchambua akamponda kwa mchi, siyo kumsaga, kumponda, ule unyama wake ukabaki unauona. Akaweka upande wa bibi kwenye sinia yetu hiyohiyo. Bibi akanawa, akamega tonge, likamegeka kama tonge linavyotakiwa, akachovya, akala kwa mkono wake. Alikula matonge saba. Nilihesabu, na mama najua alihesabu pia.

Kwa hiyo kiblenda kimeshindwa? Ndiyo maana sipendi hizi habari za mtandaoni za bora hiki kuliko kile. Mama hawezi kutwanga kila siku mara tatu, mkono wake wa kulia unamuuma na bado ana shamba. Na kinu hakiwezi kuilainisha korosho ifike mahali mtu asiye na jino hata moja aimeze bila kukohoa. Tukagawana kazi bila hata mkutano. Asubuhi ni kiblenda: korosho zilizolowekwa nasaga na maji, naingiza kwenye uji unaochemka, bibi anapata uji wa korosho kabla watu hawajaenda popote. Sote asubuhi tunakunywa uji kwenye vikombe, kwa hiyo hana tofauti na mtu. Mchana ni kinu, na ming'oko ikipatikana mama anaichemsha na kuiponda hivyohivyo, bibi anaipenda kuliko vyote. Kiblenda kinarudi kwenye mchuzi tu: nyanya, kitunguu, kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, nasaga kikombe kimoja, kinaingia kwenye sufuria ya watu wote. Mchuzi unakuwa mzito bila vipande, bibi anachovya na sisi tunachovya. Huko ndiko kikombe cha mtu mmoja kinaweza kulisha watu tisa.

Sasa hivi khanga anaizungusha mara moja na inabaki kidogo.

Kwa anayetaka kununua, mambo mawili matatu ya haraka. Kisafishe papo hapo, maji ya vuguvugu na tone la sabuni, washa sekunde kumi, mwaga. Ukiacha saa moja kwa joto la huku kinaanza kunuka. Ule mpira mdogo wa duara unaozuia maji uvute utoke uusugue peke yake, uchafu unajificha hapo. Sehemu ya chini yenye betri usiitumbukize majini. Na usikichaji usiku kucha pembeni ya chandarua, hizi betri za lithiamu siyo za kuchezea. Desemba 2023 huko Marekani kampuni ya BlendJet ilitangaza kuziita zirudi blenda zake za BlendJet 2 kama milioni 4.8, kwa sababu zilikuwa zinaweza kupata joto mpaka kuwaka moto, na visu vyake kukatika. Na hizo ni zenye jina na anwani. Hiki changu hakina jina, kwenye boksi kuna picha ya mwanamke wa kizungu anacheka na ndizi. Nikiona kinapata moto mkononi nakizima, nikiona kisu kinacheza ndiyo mwisho wake, siendi kukitafutia fundi wa gundi.

Kinachonisumbua kwa sasa ni pilipili. Shangazi aligundua kwamba hiki kitu kilichoshindwa nazi kinasaga pilipili mbuzi kwa sekunde ishirini, akawa anakichukua kimyakimya. Ukisaga pilipili kwenye kikombe cha plastiki, harufu na ukali wake vinaingia kwenye ule mpira na havitoki hata uoshe mara nne. Asubuhi moja bibi akapiga funda la kwanza la uji wa korosho, akatulia, akauliza leo kuna ngoma gani. Nikampigia kaka aende kwa yule muuzaji anunue kikombe cha pili na mpira wake, kimoja kiwe cha shangazi. Kaka akanirudia jioni. Kikombe peke yake hakiuzwi, mpira peke yake hauuzwi, ukitaka nunua blenda nyingine. Shangazi nimemwambia arudi kwenye jiwe lake la pilipili, na kiblenda nakificha kwenye ndoo ya mchele, ambapo na yeye nadhani anapajua.